Kibanja cha Ukutani

Jumatatu asubuhi Hafidha alikuwa akitwanga mkaa kwenye kinu ili apate rangi nyeusi, Mama Gaudiosa alipokuja kumwomba amchorie kibanja, shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Hafidha alikuwa mchoraji kutoka Bukoba mjini. Kituo cha sanaa cha Buganguzi, ambacho zamani kilikuwa ghala la kahawa, kilikuwa kimempa chumba na ukuta mmoja mrefu kwa wiki sita. Mama Gaudiosa alikuwa mjane aliyefika hapo kila siku kusuka mikeka.

"Kibanja kipi, mama?"

"Changu. Alicho nacho shemeji yangu."

Mumewe, Avit, alifariki mwaka juzi. Kwa kuwa walizaa mabinti watupu, baraza la ukoo lilimpa kibanja Kaijage, mdogo wake Avit, na Gaudiosa akaenda kupanga chumba karibu na soko.

Walichora siku tisa. Gaudiosa alikaa kwenye kigoda akielekeza: mgomba huu uliinama kidogo, mibuni ya hapa ni mitatu, si minne, na nyuma ya nyumba ni kaburi la Avit. Siku ya kumi mkungu wa kwanza ulikomaa palepale ukutani. Gaudiosa akaazima panga jikoni, akaukata, utomvu ukamdondokea kwenye kanga. Matoke yale yalipikwa na maharage, wakala watu kumi na mmoja. Mmoja wao alisema chumvi haikutosha.

Tangu hapo Gaudiosa alifika mapema, akachuma kahawa, akafagia kaburi, ndipo akakaa kusuka. Kaburi halisi, lililoko kibanjani kwa Kaijage, hakuruhusiwa kulikaribia.

Habari zikamfikia Kaijage. Alikuja na wazee wawili wa ukoo. Waliukagua ukuta taratibu, wakaubonyeza udongo kwa vidole.

"Ndicho chenyewe," mzee mmoja alisema. "Hata mpaka ni ule ule."

"Basi ni cha ukoo," Kaijage akasema. "Shemeji, usinichukie. Mwanamke harithi ardhi ya ukoo, iwe chini, iwe ukutani."

Hafidha akasema ukuta ni mali ya kituo. Wakamjibu kwa upole kwamba ukuta hawautaki, wanataka kibanja tu.

Kuanzia Jumamosi iliyofuata Kaijage akawa anakuja na baiskeli kuvuna. Alivua viatu mlangoni na kusalimia kila mtu. Kaburi hakulifagia, nyasi zikaota ukutani hadi zikalifunika.

Gaudiosa alilia siku mbili. Siku ya tatu akaomba brashi.

"Nikuchorie kingine?" Hafidha aliuliza.

"Hapana, mwanangu. Wewe unachora ninachokumbuka, na ninachokumbuka chote ni cha ukoo."

Akaugeukia ukuta mwingine, ule mfupi wa upande wa jikoni. Mgomba wake wa kwanza ulitoka kama mwavuli. Alichora kibanja ambacho hakijawahi kuwepo, chenye kijito katikati na migomba pande zote mbili. Hafidha akamuuliza kama angependa kuweka na kaburi.

"Avit namwacha apumzike," alisema, akachora njia nyembamba kutoka ukingoni. "Akitaka kuja, apite hapa."

Migomba ile ilizaa kabla Hafidha hajarudi mjini. Kaijage akawaita wazee tena. Walitafuta mpaka wanaoujua, hawakuuona. Hakuna babu yao aliyewahi kulima pale.

"Hiki hatukijui," mzee akasema, kisha akaomba ndizi chache za kwenda nazo nyumbani.

Kibanja cha Avit bado kiko mikononi mwa Kaijage, cha chini na cha ukutani, na baraza la ukoo halijabadili neno hata moja. Hafidha alikwishaondoka. Gaudiosa hufundisha kuchora Jumanne na Alhamisi. Kuta za ndani zimejaa, na wanawake sita wameanza kuchora za nje.

Wiki iliyopita alifika Rozi, binti mkubwa wa Kaijage, akiwa amembeba mtoto mgongoni.

"Mama mkubwa," alisema, "baba amegawa kibanja. Amewapa kaka zangu chote."

Gaudiosa alisogea kwenye benchi, akampakata mtoto, akamkabidhi Rozi brashi.

"Anza na nyumba," alimwambia. "Mlango uuelekeze unakotaka wewe."