Anayekaa Nyumba ya Ohio

Zephaniah alikuwa Mkisii wa Nyamira aliyeishi Marekani miaka kumi na saba hadi akapata uraia wa huko. Mwaka 1996 alikuja Durban kufundisha uhandisi chuoni, akadhani mambo ya Marekani ameyaacha nyuma. Lakini raia wao, hata akienda kuishi wapi, lazima kila mwaka aieleze serikali yao kipato chake na alikokipatia. Walio ng'ambo huongezewa muda mpaka katikati ya Juni, na Zephaniah alikuwa mtu wa kungoja mpaka wiki ya mwisho.

Fomu alizijaza kwa penseli, na mkewe Atupele akazinakili kwa wino. Atupele alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, aliyefundisha shule ya msingi kabla ya kuja Durban na kufungua meza ya ushonaji pale soko la Warwick. Mwandiko wake ulikuwa bado wa ubaoni, kila herufi imesimama wima. Huu ulikuwa mwaka wa pili kuifanya kazi hiyo, na aliipenda. Ilimfanya ajione yumo katika maisha ya mumewe yote, hata yale ya mbali.

Jumamosi moja ya Juni 1999, Zephaniah alikwenda chuoni kusahihisha mitihani, akamwachia karatasi mezani nyumbani kwao Glenwood. Atupele aliandika jina la mume, kisha la mke, yaani lake. Penye namba ya utambulisho ya mke aliandika NRA, herufi tatu ambazo mumewe alimweleza kuwa maana yake ni mgeni asiye mkaazi. Mwaka jana walizicheka pamoja.

Mbele kidogo fomu iliuliza kama mlipa kodi ana nyumba Marekani, nani wanakaa humo, na wana uhusiano gani naye. Zephaniah alikuwa ameandika nyumba yake ya Ohio, kisha jina la mama yake, "mama", na chini yake Cherono, "mtunzaji". Hilo halikumshtua. Alijua kwamba mama mkwe ana ugonjwa wa figo, kwamba husafishwa damu mara tatu kwa wiki na hawezi kuhamishwa, na kwamba kuna mtu wa kumwangalia. Kila baada ya miezi michache alimshonea gauni la kitenge na kulituma kwa posta. Sauti yake alikuwa ameisikia mara mbili tu, kwa sababu Zephaniah humpigia simu Jumapili akiwa ofisini.

Ilibaki tarehe ya Zephaniah kuingia Durban. Alikuwa amemwambia aitazame kwenye fomu za zamani, ndani ya faili. Akaipata. Angeweza kulifunga faili pale pale, lakini aliendelea kufunua mpaka akafika fomu ya mwaka 1994. Mume, Zephaniah. Mke, Cherono. Namba ya mke ilikuwa tarakimu tisa kamili, na chini kabisa kulikuwa na sahihi mbili, moja chini ya nyingine.

Atupele alijua mumewe aliwahi kuoa na wakaachana. Jina hakuwahi kuambiwa, wala hakuuliza. Sasa alilitazama mpaka macho yakamuuma. Mwanamke yule alikuwa na namba, alikuwa na sahihi, alikuwa na nyumba na mama mkwe. Yeye alikuwa na herufi tatu.

Hakumngoja Zephaniah. Alinakili namba ya simu ya nyumba ile kutoka kwenye kitabu cha mumewe, akateremka hadi kontena la simu karibu na soko, akalipa, akapiga. Ohio ilikuwa bado asubuhi. Aliyepokea alikuwa mwanamke, na alipomsikia Atupele akijitaja, alijibu kwa Kiswahili cha Kenya, kwa upole.

"Mama amelala, dada. Jana walimsafisha, amechoka. Zile nguo zako anazipenda sana. Ile ya kijani ilikuwa imembana kwapani, nikaifumua kidogo."

Atupele alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Kumbe vidole vya mwanamke yule vilikuwa vimepita katika mishono yake, na ni yeye aliyejua mwili wa mama ulivyo. Alimuuliza kwa nini yuko pale. Cherono alisema mama aliwakataa watunzaji watatu, na yeye alikuwa ameishi naye miaka mitatu kabla ya talaka, hakuweza kumwacha.

"Sikurudi kwa ajili ya mwanao," alisema, kama aliyezoea kumwambia mama hivyo, kisha akajisahihisha. "Kwa ajili ya mumeo."

Atupele aliirudia kauli ile njia nzima ya kurudi. Ingekuwa rahisi kwake kama Cherono angekuwa mwongo.

Zephaniah alirudi saa tisa akaikuta fomu ya 1994 mezani. Alieleza yote bila kuulizwa, na yalilingana na ya Cherono. Alisema aliogopa.

"Uliogopa nini?" Atupele aliuliza.

"Kwamba utaniambia nichague."

"Nisingekwambia uchague. Ningekuwa na wivu, basi, kama nilivyo sasa. Lakini ningeupata kutoka kwako, si kutoka kwenye karatasi."

Kisha akachukua kalamu. Pale palipoandikwa mtunzaji kwa penseli, yeye aliandika kwa wino "mke wa zamani", akamsogezea mumewe ile sehemu ya sahihi, panapoapiwa kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Zephaniah alisoma, akatia sahihi. Jumatatu wakaipeleka posta.

Tangu hapo simu za Jumapili zilipigwa nyumbani, na Atupele ndiye alikuwa wa kwanza kushika mkono wa simu. Mama alimwita mwanangu. Lakini kabla ya mama, daima alipokea Cherono, na Jumapili moja, zamu ya Zephaniah ilipofika, alicheka na Cherono jambo fulani la zamani ambalo Atupele hakulijua. Atupele alisimama mlangoni na kusikiliza. Hakuondoka mpaka kicheko kilipokwisha.