Saba Kwenye Jiwe la Baba

Muuguzi aliingia karakana ya mchonga mawe na hasira aliyotoka nayo nyumbani. Alitaka jambo moja tu: mstari wa chini kwenye jiwe la kaburi la baba yake ufutwe kabla ya jiwe kupelekwa makaburini. Mstari huo aliuagiza mdogo wake, bila kumuuliza mtu.

Baba yao alikuwa mwalimu wa hesabu, na wanafunzi walimwita Nukta. Darasani aliuliza maswali ya mtihani, nyumbani aliuliza yasiyojibika. Uko mezani, mdomo umejaa, anakuuliza: "Mbili ukiigawa kwa tatu, tarakimu ya mwisho ni ipi?" Ukisema sita, anataka kujua baada ya hiyo sita kuna nini. Au: "Andika sifuri nukta sifuri, sifuri, sifuri zisizokoma, halafu mwishoni weka moja. Haya, hiyo moja umeiweka wapi?" Vilikuwa vitendawili vya ajabu. Ukimpa mji anauchukua, na jibu hakupi. Mdogo wake alicheka mpaka akapaliwa. Yeye pia alicheka, enzi hizo.

Kisha mzee akaugua. Muuguzi, ambaye baba za watu walimshika mkono wakamwambia hata wasiyowaambia wake zao, alimpigia simu baba yake mwenyewe kumuuliza daktari amesemaje.

"Niambie kwanza tarakimu ya mwisho," mzee akasema, "nami nitakwambia la daktari."

Akacheka, akakata simu. Binti akaamini kwamba mtu anayetania hivyo hana neno, akaenda zamu. Mzee akakata roho katikati ya watu asiowajua, na wakati huohuo binti yake, hospitali nyingine kabisa, anamtandikia shuka mzee wa mtu mwingine.

Leo mzaha huohuo ndio uchongwe kwenye jiwe?

"Karibu, dada. Pole sana na msiba," fundi alisema, akipangusa vumbi jeupe kwenye nyusi.

"Nimeshapoa. Jiwe la Mwalimu liko wapi?"

Fundi akavuta turubai. Jina lilikuwa sawa, tarehe zilikuwa sawa. Chini yake, kwa tarakimu za kina zilizofika mpaka ukingoni, palichongwa: 2 ÷ 3 = 0.66666667.

Muuguzi aliinama. Akasoma tena.

"Hii saba imetoka wapi?"

"Mdogo wako aliniambia nichonge sita mpaka nafasi iishe. Nikajiuliza, je, kama kakosea? Msiba unachanganya watu, na jiwe halina kifutio. Ndiyo maana kila hesabu naihakiki kwanza, hata umri wa marehemu." Akatoa simu, akabonyeza. "Ona mwenyewe. Saba."

"Simu imeishiwa nafasi, ikakadiria."

"Sasa mwisho wake hasa ni ngapi?"

"Hauna mwisho."

"Dada, hiyo ndiyo kazi yangu. Kila kitu kina mwisho, na mimi ndiye ninayeuandika."

"Hauna, fundi. Ni sita, halafu sita. Chonga mawe yote uliyoyapanga humu, ukimaliza utakuta sita nyingine imekaa inakusubiri. Hiyo saba ni uongo. Mzee hajawahi kumpa mtu jibu. Hata mimi hakunipa. Wewe unawagawia wapita njia?"

Maneno hayo alijua yalikotoka, na kuyasikia kinywani mwake kulimwongezea hasira.

"Basi tusigombane," fundi akasema. "Mdogo wako kanipigia, kasema unakuja kuufuta mstari. Nausaga wote, linabaki jina. Hutaona hata alama."

Ndicho alichokijia. Fundi alishashika mashine. Muuguzi akaweka kiganja juu ya zile sita, zilikuwa na baridi.

"Igeuze saba iwe sita."

"Haigeuki. Ile pembe ya juu itabaki kama kovu."

"Nipe nyundo."

"Dada, ukipiga hovyo utalipasua jina la mzee."

"Basi nionyeshe pa kupiga."

Fundi alimtazama, akaguna, akamtegea patasi kati ya saba na sita ya jirani. Muuguzi alipiga kwa ajili ya ile simu aliyokatiwa na baba. Akapiga tena, na safari hii fundi aliondoa uso, maana pigo hilo halikuwa la jiwe. Kona ikakatika, ikaondoka na saba pamoja na kipande cha ile sita.

"Sasa linaonekana limevunjika," fundi akasema.

"Limevunjika kweli."

"Nilainishe ukingo?"

"Usiguse."

Mdogo wake aliingia kulibeba jiwe. Alitazama sita zilizokimbilia ukingo uliokwanyuka, ya mwisho ikiwa nusu, akaelewa. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, kama zamani mezani.

"Usicheke," dada yake akasema. "Sijaufuta kwa sababu ni wake. Lakini nina hasira naye. Alinifanya mtoto."

"Alikuwa anaogopa, dada."

"Na mimi je?"

Mdogo mtu akauliza taratibu, "Utamkasirikia mpaka lini?"

Muuguzi aliinama akashika upande wake wa jiwe.

"Nyanyua," akasema. "Ni zito."