Damu ya Hariri

Mama Hatamu hakukerwa na kaka yake, msimamizi wa mabanda ya farasi, kuoa. Alikerwa kwamba Hariri, farasi jike ambaye yeye mwenyewe alimlea tangu akiwa mtoto, kaka mtu alimchukua akamkabidhi mkewe mpya. Sasa wifi akiingia na ndoo, Hariri analia kwa furaha. Mama Hatamu akipita, anageuziwa mkia.

"Amekuzoea upesi," alimwambia wifi yake siku moja, huku akisugua hatamu ambayo tayari inang'aa.

"Labda ni mafuta yangu ya nywele, wifi," yule akacheka. "Hata kaka yako alianzia hapohapo."

Jioni alisali, akamwomba Mungu amwondolee kijicho, ila amwondolee baada ya wifi kuumbuka.

Siku ile wifi alipokabidhiwa Hariri, alikuwa amempa farasi dawa ya minyoo. Kidogo ilimwagika kifuani mwa farasi, na Mama Hatamu aliona. Hicho kidogo akakikuza mpaka mabanda yote yakajua kwamba dawa iliishia chini. Akamkalia kaka yake kooni: daktari aje atoe damu, kwa sababu tegu, wale minyoo bapa, ni shida kuwaona kwenye mavi. Daktari alitaka wangoje miezi kadhaa baada ya dawa. Mama Hatamu akasema anayetaka kungoja ana lake jambo.

"Haya," kaka akachoka. "Akionekana ana tegu, Hariri anarudi kwako."

Sindano ilipoingia kwenye mshipa wa shingo, Mama Hatamu ndiye aliyeshika kichwa, akimnong'oneza farasi kama mtu na mwanawe.

Majibu yakaja: tegu, tena si haba. Wifi akainama, machozi yakamdondoka kwenye majani makavu. Mama Hatamu alishanyoosha mkono kupokea kamba, daktari akamzuia.

"Damu haituonyeshi minyoo wenyewe," alisema. "Inatuonyesha askari ambao mwili uliwaandaa kupigana nao. Minyoo wakifa, askari hawatawanyiki mara moja. Ndiyo maana nilisema tungoje. Damu hii inasimulia ya kabla ya dawa. Wakati huo, akiwa bado mikononi mwako, alikuwa analishwa wapi?"

"Juu, kwenye nyasi fupi," Mama Hatamu akajibu upesi. Bondeni palikatazwa, kwa sababu vijidudu vya kwenye nyasi zile ndivyo vinavyobeba tegu.

Wifi akapangusa macho, akauliza bila ubaya wowote: "Mbona kila nikimtoa ananivuta kwenye ule uwazi wa ua, kule bondeni? Nilidhani ni ukaidi tu."

Hariri alikuwa anavuta kuelekea alikozoezwa. Nyasi za bondeni zilikuwa tamu, na Mama Hatamu alitaka Hariri ampende yeye kuliko watu wote.

Kaka hakupandisha sauti. "Kamba abaki nayo mke wangu, dada. Wewe kazibe ule uwazi."

Akashuka na mbao begani. Alipokuwa anapima ubao wa kwanza, akamsikia Hariri analia, ule mlio wa zamani wa furaha, moyo ukamruka. Akageuka.

Alikuwa anamlilia wifi, aliyekuwa akiteremka mbio na misumari iliyosahaulika.

"Ilete," Mama Hatamu akasema, bila kumtazama. "Na unishikie mbao. Vizuri."