Viwiko vya Pikipiki

Mtaani wanamwita Mama Cherehani, na jina lilimkaa vizuri, maana ukimkosa kwenye cherehani basi yuko juu ya pikipiki. Pikipiki aliinunua magoti yalipomgomea kutembea kupeleka sare za shule kwa wateja. Ajabu ya magoti yale ni kwamba yalikataa kutembea, yalikataa ngazi, yalikataa hata kuinama kuokota sindano, lakini kupanda pikipiki yalikubali bila kubembelezwa.

Aliyekataa ni mwanawe. Huyo kazi yake ni kukagua ajali kwa niaba ya kampuni ya bima, na mtu anayeshinda wiki nzima akitazama magari yaliyopondeka hawezi kumwona mama yake amevaa kofia ngumu akanyamaza. Waliishi nyumba moja, yeye, mkewe na mama, na mama alikuwa na kibaraza chake cha kushonea upande wa barabara. Mezani yakasemwa maneno mengi, mengine si ya kuandikwa. Mwishowe mama, kwa hasira zaidi ya busara, akaapa mbele ya mwanawe na mkwewe kwamba siku pikipiki ile itakapogusa chini, yeye mwenyewe atatoa ufunguo iuzwe. Mwanawe akasema sawa, nimesikia. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya chai, alitoka nje na tochi, akachuchumaa, akaikagua pikipiki ya mamaye kana kwamba ni ya mdai wa bima anayeshukiwa.

Sasa tuseme haki. Mama Cherehani hakuwa dereva mbaya. Alijua kupita kwenye mashimo, alijua kumpisha mbuzi, na honi aliipiga kwa adabu. Shida yake ilikuwa kusimama. Pikipiki ilikuwa ndefu na yeye mfupi, na kila alipofunga breki mguu wake wa kushoto ulishuka kutafuta ardhi, ikawa ardhi bado haijafika. Hapo yeye na pikipiki walilala kushoto pamoja, taratibu, bila kelele ya maana. Kwa maoni yake huko hakukuwa kuanguka. Kuanguka ni kwa watu wenye haraka.

Mara ya kwanza alilala mbele ya duka la vifungo. Yeye hakuumia popote isipokuwa heshima, lakini ule mguu wa chuma unaoshika gurudumu la mbele ulichubuka pale chini, mchubuko mweupe unaoonekana hata na mwenye mtoto wa jicho. Mama Cherehani akaufunika kwa rangi ya kucha ya kijivu aliyoichomoa kwenye meza ya mkwewe. Jumapili ikafika, mwanawe akachuchumaa, akaelekeza tochi palepale, akanusa. Kilichomwokoa mama ni kwamba mwanawe alikuwa na mafua wiki ile. Usiku huo mama hakulala vizuri. Aliwaza kurudi kuwa bibi wa kukaa kibarazani akisubiri watu wamletee nguo na habari, na wazo hilo lilimuumiza kuliko magoti.

Mficha uchi hazai, akaenda kumweleza Kinyozi yote. Kinyozi hakuwa na unywele hata mmoja na hakuwahi kumnyoa mtu. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, mwenye mashine inayozungusha chuma na kukimenya kidogo kidogo, ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Alimsikiliza mama bila kucheka, jambo ambalo lilimgharimu, maana alilazimika kugeuka mara mbili kukohoa. Kisha akamwonyesha ekseli ya mbele, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Ya pikipiki hii ilikuwa na tundu kutoka upande mmoja hadi wa pili, mfano wa bomba.

"Hapa napitisha ufito wa chuma," akasema. "Kila ncha naweka kidude cha plastiki ngumu, nene, kimechomoza nje. Pikipiki ikienda chini, inagusa kwa kiwiko. Mwili haugusi."

Mama Cherehani akauliza tena, polepole, kama mtu anayehakikisha maneno ya mkataba. Mwili haugusi? Kinyozi akasema haugusi. Basi, akawaza mama, kama mwili haugusi, pikipiki haijagusa chini, na kama haijagusa chini, kiapo kiko palepale. Alijua kwamba hoja hiyo ina tundu kubwa kuliko la ekseli, lakini hakuichungulia.

Tatizo likawa plastiki. Kinyozi hakuwa nayo, na kwa wauza vipuri hakukuwa na kitu chenye unene ule. Akasema kinachofaa kabisa, chenye ugumu uleule, ni ule ubao mnene wa plastiki wanaokatia nyama jikoni. Mama Cherehani akajibu kwamba atatazama. Hakuwa na haja ya kutazama, kwa sababu aliujua ubao wa namna hiyo, na hata msumari ulikotundikwa.

Ulikuwa wa mkwewe. Mkwe alikuwa na vyombo vingi lakini ubao ule aliupenda, mweupe, mzito, umechanjwachanjwa na visu vya miaka. Ulipotoweka, aliutafuta jikoni nzima, akamuuliza mumewe, akamuuliza jirani. Mama Cherehani, moyo ukimsuta, alishiriki msako huo kwa bidii iliyopita kiasi. Alitazama nyuma ya pipa la maji, akatazama chini ya kitanda chake mwenyewe, akafikia hatua ya kuinua mto wa kochi. Kesho yake akamletea mkwewe ubao mpya wa mti kwa zawadi. Mkwe akashukuru, akamtazama mama mkwe wake kwa muda, akaenda kuosha vyombo.

Kinyozi alikata viduara viwili vinene, akavitoboa katikati, akavikereza pembeni mpaka vikawa laini. Uso wa nje hakuugusa, maana angeumenya zaidi kiwiko kingekuwa kifupi, kwa hiyo alama za visu zilibaki. Akapitisha ufito ndani ya ekseli, akaweka washa, kile kipete bapa cha chuma, na kiwiko upande huu, akazunguka akaweka washa na kiwiko upande ule, akakaza nati kwa spana fupi. Mama akamhimiza akaze zaidi. Kinyozi akakataa, akasema ekseli ina nati zake za kulishika gurudumu na hakuna aliyezigusa. Hizi za viwiko kazi yake ni kushikilia tu, ukizikaza kwa hasira plastiki inapasuka. Kisha akainua gurudumu, akalizungusha kwa mkono, wakasikiliza wote wawili. Halikusugua popote.

Jumapili mwanawe aliviona kabla hajachuchumaa. Alivijua, maana kazini kwake aliviona kwenye pikipiki kubwa za wenye nazo. Akasema hivi ni vya kuzuia mchubuko pikipiki inapoanguka, na hilo neno "inapoanguka" akalirudia. Mama akamjibu kwamba kununua mwavuli si kuita mvua. Kwa kweli mwana alifurahi kidogo kuona mama anajali usalama, na viwiko vyenyewe hakuvimulika, akawa anakagua mwili tu.

Mvua yenyewe ilikuja. Mama Cherehani alilala kwenye lango la shule. Akalala nje ya posta. Akalala mbele ya muuza nyuzi, ambaye alizoea hata akawa anatoka dukani na kiti akimwona anakuja. Kila mara aliinuliwa na wasamaria, akakung'uta gauni, akainama kutazama, na kila mara mwili wa pikipiki ulikuwa msafi. Kiwiko cha kushoto peke yake ndicho kilichokuwa kinakula mchanga. Mama akaanza kuendesha akiimba.

Ikafika Jumapili ambayo jua lilikuwa kali na mwana hana mafua. Alichuchumaa upande wa kushoto, akakaa hapo muda mrefu. Akawasha tochi ingawa ni mchana. Akapitisha ukucha juu ya uso wa kiwiko, akainuka, akanyoosha mkono.

"Mama, ufunguo."

Mama Cherehani aliuliza kwa nini, na sauti yake ilitoka nyembamba. Mwanawe akasema hii ni mikwaruzo, mikwaruzo haiji yenyewe, na mama aliapa. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyomkata mama maini, kwa sababu mtu mkali unaweza kumkalia kikao lakini mwenye huruma ameshakuhesabu mzee. Akatia mkono kifuani, akautoa ufunguo. Ulikuwa na joto la mwili wake. Kiapo ni kiapo, na hoja ya mwili haugusi haikumjia hata mdomoni.

Hapo mkwe akatokea mlangoni na sufuria mkononi.

"Hizo ni alama za kisu," akasema.

Mumewe akageuka. Mkwe akaeleza, macho yake kwenye sufuria, kwamba vidude vile ni ubao wake wa kukatia nyama uliopotea, ameujua tangu siku ya kwanza, na kwamba mtu akikata nyama miaka yote hiyo juu ya ubao, ubao hauwezi kubaki na uso wa mtoto mchanga. Mwana akamtazama mama. Sasa mama alikuwa njia panda: akikana wizi, amekiri kuanguka, akikiri wizi, hajaanguka. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa imebaki hatua moja tu, akaimaliza.

"Niliuchukua mimi," akamwambia mkwewe. "Nisamehe, mwanangu." Na hilo la kuomba msamaha, angalau, lilikuwa kweli tupu.

Mwana hakuridhika mara moja. Mkaguzi ni mkaguzi. Akazunguka upande wa kulia, akachuchumaa tena, akapitisha ukucha. Kisha uso wake ukalegea, akazima tochi. Akawaeleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha, kwamba kila mtu ana upande wake wa kuangukia. Yeye amekagua pikipiki nyingi na hajaona mtu mmoja anayeanguka kushoto leo na kulia kesho. Hapa mikwaruzo iko pande zote mbili, sawasawa, kwa hiyo si ya kuanguka. Ni ya kisu. Akamwomba mama radhi, akamrudishia ufunguo, akaenda kulala kidogo, maana kumshuku mzazi kunachosha.

Mama Cherehani akabaki amesimama. Pande zote mbili? Akajikokota hadi upande wa kulia, akainama, magoti yakalia. Ni kweli. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimekwaruzika pembeni, pale Kinyozi alipopakereza pakawa laini, pasipofikiwa na kisu cha mtu. Na ndani ya mikwaruzo mlikuwa na udongo mwekundu, wa njia ya mteremkoni, ambayo yeye hapiti kwa sababu hana mteja huko.

Akainua macho. Mkwe alikuwa bado ameikumbatia sufuria.

"Mimi nalala kushoto," mama akasema.

"Najua, mama."

Ikatoka yote. Kila mara mwana alipompeleka mama kliniki ya magoti kwa gari, nyumba ilibaki na mkwe na pikipiki, na ufunguo ulibaki chini ya kitambaa cha cherehani, kwa kuwa hakuna mwenye kwenda kliniki ya magoti na ufunguo wa pikipiki kifuani. Mwanzo alikuwa anaisukuma tu hadi nje na kurudi. Baadaye akaiwasha.

Maneno yakamtoka Mama Cherehani kabla hajayazuia. Akamwambia mkwewe kwamba barabarani kuna malori, kwamba mtu anaweza kuvunjika, kwamba kuanzia leo ufunguo atautafutia mahali, na ikigusa chini tena kwa mkono wake... Hapo akajisikia mwenyewe. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa na sauti ya mwanawe, yamekosa tochi tu.

Akamuuliza, kwa upole sasa, alikuwa anakwenda wapi.

"Sina pa kwenda," mkwe akasema. "Nashuka mteremko, nageuza, narudi. Juu ya pikipiki hakuna anayeniuliza kitu chochote kiko wapi."

Mama Cherehani alikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Alitaka kucheka na alitaka kulia, akafanya vyote kidogo kidogo. Kisha akauliza unaposimama unashusha mguu upi. Mkwe akasema wa kulia. Mama akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba mguu wa kulia ndio unaokanyaga breki ya nyuma. Ukiushusha mapema umeiachia, na pikipiki inaendelea na safari yake bila wewe. Shusha wa kushoto. "Na wewe miguu unayo," akaongeza kwa wivu wa wazi, "ardhi inakufikia."

Kesho yake mwana alipokwenda kazini, wakatoka. Mkwe mbele, mama nyuma na furushi la sare mapajani. Hajawahi kukaa nyuma. Hakujua kwamba nyuma hakuna breki, hakuna honi, hakuna cha kushika ila kiuno cha mtoto wa watu unayempenda. Lori lilipowapita alifumba macho. Na akiwa gizani mle akamwelewa mwanawe, yeye na tochi yake, vizuri kuliko siku zote alizomlea. Hilo hakumwambia mwanawe, wala hakukusudia kumwambia.

Wakafika njia panda. Mkwe akafunga breki, mguu wa kushoto ukashuka, ukatua chini imara. Mama akafumbua macho jicho moja moja. Mkwe akageuza kichwa, akauliza kama mama anaogopa na kama warudi nyumbani.

Mama Cherehani akasema anaogopa sana, na kwamba wapite mteremkoni.