Mwenye Mbwa

Hospitalini walimwita Bi Tarakimu, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kazi yake ilikuwa kusoma mafaili ya wagonjwa na kuupa kila ugonjwa namba yake rasmi. Namba isipolingana na ukweli, faili halitoki mezani pake. "Karatasi haina huruma," alipenda kuwaambia makarani wenzake. "Ukiidanganya leo, kesho inakuumbua." Maneno matamu hayo, kwa mtu ambaye uongo haujambishia hodi nyumbani.

Asubuhi hiyo aliletewa faili la mwanamke aliyeng'atwa kifuani, upande wa kushoto. Ngozi imechubuka juu juu, hakuna cha kushona. Mgonjwa anasema ni mbwa. Chini yake daktari alikuwa ameongeza kwa mwandiko wa hasira: alama ni nusu duara mbili zinazotazamana, hakuna tundu la chonge, mimi naona meno ya mtu. Ikabaki kazi ya Bi Tarakimu, maana mbwa ana namba yake na mtu ana yake. Akiweka mbwa, mgonjwa anaanza sindano za kichaa cha mbwa. Akiweka mtu, faili linakwenda na fomu ya polisi, na aliyeuma anatafutwa.

Kalamu ilikuwa mkononi alipotazama jina juu ya jalada. Lahaula! Mke wa mwanawe. Na nyumba ile haina mbwa, hata paka hakai.

Mwana mwenyewe ndiye wa pekee, miaka thelathini na miwili sasa. Alipokuwa chekechea alimng'ata mwenzake mpaka mwalimu akamwita mama, na mama akafika amewaka: "Watoto wenu ndio wanaomchokoza!" Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ndivyo wasemavyo. Wapi! Huyu hakulia. Waliolia ni watoto wa wenzake.

Mwezi uliopita mkamwana wake alikuja kumwona, akasimama mlangoni mwa jikoni, akafungua kifungo cha juu cha blauzi. Bi Tarakimu alikuwa anaosha vyombo. Alijua anachotaka kuonyeshwa, ndiyo maana hakugeuka. "Vumilia, mwanangu," aliiambia sufuria. "Ndoa ni kusitiriana. Ya ndani usiyatoe nje." Mkamwana akafunga kifungo chake, akaaga kwa adabu, akaenda.

Sasa Bi Tarakimu aliliacha faili mezani, akakimbilia chumba cha vidonda. Mkamwana alikuwa ameketi kitandani, blauzi wazi. Muuguzi alikuwa ameshamwosha kwa maji na sabuni, akamfunika kidonda kwa shashi, akamchoma sindano ya pepopunda. Alikuwa anajaza fomu ya mbwa.

"Mwanangu," Bi Tarakimu alinong'ona, "mbwa gani?"

"Si uliniambia nisitiri, mama?" Wala hakushusha sauti. "Nimesitiri. Sindano za mbwa asiyekuwepo, na nitachomwa zote."

Aibu ilimvaa Bi Tarakimu toka utosini hadi unyayoni. Na chini ya aibu, Mungu amsamehe, kulikuwa na nafuu: akiandikwa mbwa, mwanawe atalala kwake leo.

Muuguzi, masikini, alikuwa ameinamia karatasi zake, akili yote kwenye fomu. "Hapa ndipo pananikwamisha," alisema. "Mwenye mbwa ni nani? Lazima tumwandike, mbwa akachunguzwe."

Mkamwana alimtazama mama mkwe wake.

"Ni mimi," alisema Bi Tarakimu.

Muuguzi akacheka. "Acha utani, wewe! Umeanza kufuga lini?"

"Huu mwaka wa thelathini na mbili." Alinyoosha mkono, akaichukua ile fomu, akaichana. "Sindano za mbwa basi. Nipe fomu ya polisi, niijaze mwenyewe. Jina lake nalijua, kwake napajua, kazini kwake napajua."

Kicheko kilimkauka muuguzi mdomoni. Bi Tarakimu alijaza, na alipofika penye uhusiano na mtuhumiwa akaandika: mama yake mzazi.

Alitegemea, sijui, labda asante. Mkamwana alikuwa anafunga vifungo vyake kuanzia chini, taratibu. Alipofika cha juu akakishika bila kukifunga.

"Mwezi uliopita nilikufungulia hiki hiki, mama," alisema. "Hukugeuka."