Banda la Kuku Lisilo na Mteremko

Mimi ni fundi seremala, na sisemi hivi kwa kujisifu: meza yangu ukiiwekea gololi katikati, utakwenda sokoni urudi uikute palepale. Ndiyo maana mama mkwe alipohamia kwetu na kuku wake sita, sikutaka kumwita mtu. Nilijenga banda mwenyewe nyuma ya nyumba, nikalizungushia ua wa wavu, na chini ya wavu nikapigilia mbao pande zote nne, zimebanana hata sisimizi akose pa kupenya.

Mvua ya kwanza ikaugeuza ua wote tope. Nikamwaga magunia mawili ya maranda kutoka karakana. Siku tatu yalipendeza. Ya nne yalikuwa uji, na uji wenyewe unanuka. Kuku walitembea wakinyanyua miguu juu juu kama watu waliovaa viatu vya kuazima, mayai yakaokotwa yamejaa matope, na mtetea mweusi, kipenzi cha mama mkwe, akaanza kuzubaa pembeni mabawa yameshuka.

Mama mkwe hakulalamika. Angelalamika ningepata nafuu. Yeye aliyafuta mayai, akayapanga, akanisalimia vizuri. Mke wangu ndiye aliyeniambia.

"Mama anasema Jumamosi anarudi kwake."

"Kwake wapi? Nyumba si imeshaanguka upande?"

"Hiyo hiyo. Anasema hawezi kuwaangalia kuku wake wakioza miguu, na wewe mkwewe hawezi kukukosoa. Basi anaondoka." Aligeuka akaendelea kukunja nguo, ila shati lile lile alilikunja mara tatu.

Iliniuma. Tangu mama afike nilishamwomba mara mbili nimtengenezee kitanda, naye akakataa. "Mimi mpita njia, baba," alisema, "kitanda cha nini?" Akawa analala kwenye godoro chini, begi lake limefungwa zipu.

Nilikuwa na siku nne. Nikaleta udongo toroli nane, nikaujaza ndani ya zile mbao, nikaushindilia kwa gogo, kisha nikaweka ubao mrefu na pimamaji juu yake, nikasawazisha mpaka kile kiputo cha hewa cha pimamaji kikatulia katikati kila nilipopima. Jumatano jioni nilisimama pale mikono kiunoni. Ungeweza kuweka yai chini lisibiringike.

Alhamisi alfajiri ikanyesha. Kulipokucha, ua mzima ulikuwa na maji kimo cha kidole, sawasawa kila pembe. Kuku wote sita walikuwa juu ya kichanja, wananitazama.

Nilirudi ndani kunywa chai na hasira zangu. Mama mkwe alikuwa anafuta ile meza ndogo niliyoitengeneza mwaka wa harusi yetu. Akachukua kikombe cha maji, akayamimina juu ya meza, polepole, kwa makusudi kabisa. Maji yakatanda, yakakaa.

"Meza nzuri hii," alisema. "Maji yakifika hapa hayana hamu ya kuondoka."

Kisha akainua meza kidogo tu upande wake. Maji yote yakaniteremkia mapajani.

"Samahani, baba," alisema, wala hakuonekana mtu mwenye kuomba samahani.

Nilikaa nimelowa, nikaelewa, nikaona aibu ya haja. Nilikuwa nimewatengenezea kuku beseni. Zuri, limenyooka, halivuji.

Nikashika koleo. Nikang'oa ubao wa upande wa bustani ya mboga, nikakwangua udongo upande huo na kuupandisha kwenye ukuta wa nyumba, mpaka kiputo cha pimamaji kikakimbilia ukutani na kugoma kurudi. Nakiri nilisaga meno. Miaka ishirini sijawahi kukiacha kiputo kikae pembeni. Nikachimba mtaro hadi kwenye mboga, nikaujaza kokoto, na kwenye ukingo wa bati la banda nikafunga mfereji wa kupeleka maji kwenye pipa. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, mtetea mweusi mapajani, akiniongoza kwa kidevu. Kidevu kikishuka, nachimba. Kikitulia, napumzika.

Ijumaa mchana ikashuka mvua ya kumwaga. Tulisimama mlangoni watatu. Maji ya bati yakaingia pipani. Yaliyoanguka uani yakajikusanya, yakashika njia, yakapita kwenye kokoto hadi kwenye mboga. Ilipokatika, mtetea mweusi akashuka, akakanyaga, akasita, akaanza kuparua. Miguu yake ilibaki safi. Nilifurahi mpaka nikataka kumshika mkono jirani aliyekuwa anapita.

Mama mkwe akaingia ndani. Nikasikia zipu ya begi, nikakumbuka kesho ni Jumamosi. Mke wangu akaniangalia. Mama alirudi amevaa kanga ya nyumbani, mkononi ameshika pimamaji yangu, ameifuta udongo wote.

"Baba, kile kitanda," alisema, akanikabidhi. "Nitengenezee. Ila hicho kisiwe na mteremko."