Keki ya Muflisi

Ijumaa, saa kumi alasiri, chumbani kwa Dancan huko Batha, Riyadh, kura za wadai wake zililingana: moja ya ndiyo, moja ya hapana. Ya ndiyo ilikuwa ya Jackton, anayelala naye chumba kimoja. Ya hapana ilikuwa ya Mzee Haidar, Mzanzibari anayewakodisha chumba hicho.

"Zikibaki hivyo, mpango umeanguka," wakili Valentine alisema kwenye spika ya simu kutoka Nairobi.

Mpango wenyewe ulikuwa mfupi. Dancan alikuwa amefilisika. Kutoka kwenye mshahara wake wa ulinzi, kila mdai angepata thuluthi ya deni lake, isipokuwa mkopo wa chuo, ambao ungelipwa wote na hivyo haukuwa na kura.

"Wao deni lote, mie thuluthi?" Mzee Haidar aliuliza. "Kwani hao waliokusomesha wamekupa kitanda?"

"Mzee, ule mkopo haufutiki hata nifilisike mara saba. Nisipoulipa, wanamgeukia Anti."

Anti ni shangazi yake, Rosebellah, mdhamini wa mkopo huo, aliyepanda basi kutoka Jeddah kwa ajili ya kikao. Kiwanja chake cha Kakamega kingeuzwa. Lakini mdhamini ambaye hajalipa kitu hadai kitu, na asiyedai hapigi kura. Valentine alikuwa amelieleza hilo mara mbili, kwa kuwa Rosebellah alikuwa ameinua mkono mara mbili.

"Basi tufanye harambee, Mzee aongezewe," Rosebellah alisema, akatoa mfukoni keki aliyoioka jikoni kwa madam wake. "Naanza na riyali kumi!"

"Kumi na tano!" Jackton alisema.

Sasa, Dancan alilelewa kanisani, na mtu wa kanisa lao akisikia keki inanadiwa, damu humchemka kabla akili haijaamka. "Thelathini!"

"Yakhe," Mzee Haidar alimgeukia Jackton, "si huyu ndiye aliyefilisika?"

"Arobaini," Jackton akamjibu.

"Sitini!"

"Imeenda!" Rosebellah akamkabidhi keki. Dancan akaupungia mkono umati ambao haukuwepo, akamega pande, akala.

"Haya, leta sitini."

Hapo ndipo alipopapasa mifuko. "Mafi, Anti. Hakuna kitu."

Mzee Haidar alicheka hadi akavua miwani.

"Subirini," Valentine alisema. "Keki ilikuwa ya nani?"

"Yangu. Pesa ndizo ningempa Mzee."

"Na Dancan ameichukua, ameila, hajalipa?"

"Yuko na makombo kwa pua, wakili."

"Basi wewe ni mdai. Piga kura."

Rosebellah aliinua mikono yote miwili.

"Hila hiyo!" Mzee Haidar alisema.

"Ni deni, Mzee," wakili alisema. "Umeliona likizaliwa."

"Haya, bibie, nawe utapata thuluthi kama mie."

"Ishirini zangu zanitosha."

Valentine alihesabu: ndiyo mbili, hapana moja. Mpango umepita. Mzee Haidar akaomba kalamu na kipande cha keki, akatia saini.